Mwisho wa Safu, Upande wa Kushoto

Mtu akiwa na shoto, kila jirani ana sababu yake. Nimezisikia zote, na zote zimenichosha. Wapo wanaosema mtoto alilala vibaya tumboni. Wapo wanaosema ni mzimu wa babu fulani, amerudi kudai mkono wake. Siku hizi muuguzi wa zahanati ananiambia ni ubongo, tena ananiambia huku anacheka, anadhani ameniletea habari njema. Namwambia ahsante mwanangu, nameza dawa yangu, naenda zangu. Ningemwambia nini? Kwetu swali hilo halikuwa la kuchekea. Mama yangu alizeeka nalo.

Nilizaliwa milimani, juu ya Kinole, wakati Mdachi, yaani Mjerumani, tayari ana boma lake Morogoro mjini. Kuandika nimejifunza ukubwani, kwa hiyo mnisamehe nikienda pole pole. Tulikuwa wawili kwa mama yetu, mimi na kaka yangu aliyenitangulia kwa masika machache. Kwetu kaka na dada huitana lumbu. Yeye alikuwa lumbu wangu, mimi lumbu wake, na sikumbuki kama niliwahi kumwita kwa jina lake hata siku moja. Baba alifariki tukiwa wadogo. Nyumba ilikuwa ya mama, shamba lilikuwa la ukoo wa mama, na neno la mwisho lilikuwa la mjomba, mdogo wake mama, mtu wa kikohozi kingi na maneno machache.

Lumbu wangu alikuwa na shoto kamili, si hii ya kubahatisha. Alikata kuni kwa shoto, alirusha jiwe kwa shoto, alifunga mzigo kwa shoto. Hata sikio la kulia likimwasha, alilikuna kwa mkono wa kushoto, anaupitisha juu ya kichwa chote mpaka upande wa pili.

"Lumbu," nilikuwa namwambia, "huna mkono ulio karibu zaidi?"

"Huo umelala," ananijibu. "Usiuamshe, utatuletea maneno."

Kula tu ndiko alikotumia mkono wa kulia, maana huko hakukuwa na majadiliano. Tulikula sinia moja, na hakuna mtu atakayevumilia kuona mkono wa chooni ukiingia kwenye ugali. Mama alimchapa vidole mpaka akajua. Mengine yote alimwachia.

Huko kumwachia ndiko kulikokuja kumtesa mama. Lumbu alipokuwa mchanga, anaanza kushika vitu, bibi yetu alichana utepe wa kaniki, akamwambia mama amfunge mtoto mkono wa kushoto ubanwe ubavuni, ukae hivyo mpaka wa kulia uzoee kazi. Ndivyo walivyofanyiwa watoto wote wa namna hiyo, wala hakuna aliyekufa. Mama alimfunga asubuhi. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Alikataa titi. Alipochoka kulia alikaa anauangalia tu ule mkono uliofungwa, hauondolei macho. Kabla jua halijazama mama alimfungua.

"Utajuta," bibi alimwambia.

"Mkono ni mkono, mama," alijibu mama yangu, akauviringisha utepe akauweka.

Hadithi hiyo tulisimuliwa tangu utotoni, na ilikuwa hadithi ya kuchekesha. Wanawake wa kijijini walikuwa na nyongeza yao: walisema shoto ile aliileta mama mwenyewe kwa mbeleko. Alikuwa na desturi ya kumfunga mtoto mgongoni mkono wa kulia ukiwa ndani ya nguo na wa kushoto nje, kwa hiyo wa kulia ukalala na wa kushoto ukajifunza dunia. Mama hakubisha. Alisema kweli, ndivyo nilivyombeba, haya nifungeni. Wote wakacheka. Wakati huo alikuwa na uwezo wa kucheka, alikuwa na mwanawe.

Sasa lazima niwaeleze tunavyolima, msipoelewa hilo hamtanielewa mimi. Shamba la mlimani hulimwa kutoka chini kwenda juu. Watu hujipanga safu moja kuukata mteremko, nyuso zao zinatazama juu, wanapanda pamoja hatua kwa hatua huku udongo unashuka nyuma yao. Kila nyumba hulimiwa siku yake, na mwenye shamba anapika chakula na togwa. Mtu wa mkono wa kulia hulinyanyua jembe upande wake wa kulia. Ukimweka mwenye shoto katikati, jembe lake na la jirani yake yatagongana, na siku mbaya mtu atapasuliwa kichwa. Kwa hiyo kila mtu kwetu anajua, mwenye shoto husimama mwisho wa safu, upande wa kushoto. Si adhabu, wala hakuna aliyemcheka kwa hilo. Hapo ni mahali pake tu.

Jirani yake nilikuwa mimi. Jembe lake lilipanda kushoto kwake, langu lilipanda kulia kwangu, na kati yetu hapakupita jembe lolote. Wengine wote waliachiana nafasi ya jembe zima baina ya mtu na mtu, na kama wana neno walipigiana kelele. Sisi wawili tulilima bega kwa bega. Tuliisengenya safu nzima kuanzia huku hadi kule, nani kavaa nini, nani jembe lake linapiga ardhi kwa huruma. Wakati huo nimeshachumbiwa ng'ambo ya korongo, naye aliniigizia mchumba wangu anavyotembea, miguu nje, mpaka nikashindwa kunyanyua jembe. Jasho lake lilinirukia shavuni. Tangu siku hizo sijapata tena kuwa karibu na mtu kiasi kile, hata ndani ya ndoa.

Kisha ikaja vita ya Mdachi na Mwingereza. Sisi tuliisikia kwanza kama habari ya mjini, halafu jumbe wa kijiji chetu akaambiwa atoe wapagazi wa kubebea jeshi mizigo. Waliotolewa hawakurudi, akaambiwa atoe wengine. Alipokosa watu wa kutoa, askari wakaanza kupanda wenyewe na kamba. Wanaume wakawa wanalala msituni. Mchana walishuka kwa siku za kulima tu, kwa sababu mbegu zisipoingia ardhini kabla ya mvua njaa itawaua wote, waliojificha na wasiojificha.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya shamba letu. Shamba la mama lilikuwa na msitu upande wa kulia na njia ya bondeni upande wa kushoto. Asubuhi ilikuwa na ukungu, ule wa kwetu unaoshuka ukakaa. Lumbu alikuwa mwisho, mimi nikimfuata, na baada yetu safu nzima mpaka ukingo wa msitu. Alikuwa ananiambia nikiolewa nisije nikamsahau, nimpelekee ndizi za kule bondeni. Nikamwambia ndizi afuate mwenyewe, miguu anayo.

Askari hatukuwaona mpaka walipokuwa njiani kabisa. Mtu alipiga ukelele na safu ikavunjika kuanzia upande wa kulia, kila mmoja akikimbilia msituni, na walio karibu na msitu walishaingia kabla sisi hatujageuka. Nilisikia kiganja chake mgongoni kinanisukuma. Nilikimbia. Nilipofika kwenye miti na kuangalia nyuma, walikuwa wameshamwangusha kwenye udongo tuliotoka kuulima.

Askari mmoja mtu mzima alimwamuru atoe mkono afungwe kamba. Lumbu wangu akatoa mkono wake, ule aliokuwa anautoa maisha yake yote. Yule askari akampiga kitako cha bunduki usoni.

"Unanipa mimi mkono wa chooni?" alimfokea. "Mshenzi! Mkono wa kulia!"

Akatoa wa kulia. Walimfunga, wakamvuta chini njiani, na ukungu ukawafunika. Baadaye mtu mmoja wa mlima wa pili, aliyetoroka akarudi amekonda, alituambia alimwona akiwa na sanduku la risasi kichwani, mdomo umevimba, anatembea. Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Kaburi lake sijui liko wapi. Sijui kama analo.

Mama alipiga ukunga siku ya kwanza, na kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Alianza kupiga hesabu. Angemfunga mkono, mtoto angeshika kulia. Angeshika kulia, angelima katikati ya safu. Angelima katikati, angefika msituni na wenzake. Alimweleza hivyo kila aliyekuja kumpa pole. Aliwaambia wanawake wale wale waliomcheka kwa mbeleko, na sasa hakuna aliyecheka. Ningewapiga makofi wote. Mmoja alitikisa kichwa akasema, "Ndiyo, dada, mbeleko ile," kisha akaendelea kunywa uji wetu.

Mjomba alijaribu. "Dada," alimwambia, "shamba la jirani njia iko kulia na msitu uko kushoto. Wangekuja kesho yake tukiwa kule, mwanao angekuwa wa kwanza kuingia msituni."

"Hawakuja kesho yake," mama akasema.

Mjomba akakohoa, akatoka nje.

Safu iliyofuata, mama alikwenda kusimama mwisho, upande wa kushoto. Umri wake ulikuwa wa kukaa jikoni na vyungu vya togwa. Mjomba akamwambia arudi. Hakurudi.

"Wakija, wanikute mimi," alisema.

Nililima karibu naye siku ile, lakini mama alikuwa mtu wa mkono wa kulia. Jembe lake lilipanda upande wangu, kwa hiyo ilinibidi nisogee, nimwachie nafasi ya jembe zima. Tulipanda mlima hivyo, yeye kule, mimi huku. Nilikuwa nalia na hakuna aliyejua, maana nilikuwa mbali na kila mtu.

Niliolewa bila ngoma. Nilipopata mimba mama alinijia na masharti yake, na hakuna askari aliyewahi kutoa amri kwa ukali ule. Nilale ubavu wa kulia. Nikijifungua, titi la kwanza liwe la kulia. Nikimbeba mtoto, mikono yake yote miwili iwe nje ya mbeleko, na nikimpa kitu nimpe upande wa kulia tu. Kila alipokuja aliniuliza yote upya, nami nilijibu yote upya. Mume wangu aliona tunarukwa na akili, ila alikuwa mtu mwema, akatuachia mambo yetu. Nilifuata kila kitu. Usiku nilipojikuta nimegeuka ubavu wa kushoto niliamka kwa hofu nikajigeuza.

Nikapata mtoto wa kike. Nilimbeba mikono nje, hata siku za baridi kali, mpaka vidole vyake vikawa vinabadilika rangi nikawa navipulizia. Akakua, akaanza kukaa mwenyewe. Siku moja nilimpa ndizi iliyoiva, nikaiweka kwenye mkono wake wa kulia kama nilivyoamriwa. Akaiangalia. Akaihamishia kushoto, akaila. Nikampokonya, nikampa tena upande wa kulia, akaihamisha tena. Halafu, kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa na sikio limemwasha, akaupitisha ule mkono wa kushoto juu ya kichwa chake kidogo ili ajikune upande wa pili. Haukufika, aliishia utosini.

Nilikaa chini nikalia. Hakuna aliyemfundisha. Aliyefanya hivyo aliondoka kabla yeye hajatungwa mimba. Nililia kwa ajili ya lumbu wangu, na katikati ya kilio hicho likanijia wazo lililonisimamisha: mama hakufanya kosa lolote. Nimefuata kila sharti lake na shoto imekuja vile vile, kwa miguu yake, bila kuitwa na mtu. Haikuwa mbeleko. Nilimfunga mtoto mgongoni nikashika njia kwenda kumwambia.

Zilikuwa siku za mwisho za Mdachi kwetu. Mizinga ilisikika upande wa Morogoro, na watu walikuwa wanasema wazungu wake wanakimbia kupitia milimani kwenda Kisaki. Njiani nilikutana na watu wanapanda na kuku na watoto, wakaniuliza nina kichaa gani kutembea wazi na mtoto. Nilipita. Sikuwa nimebeba habari njema nyingine tangu vita ianze.

Nilimkuta shambani peke yake, analima. Hakukuwa na safu, watu wote walikuwa wamejificha. Alikuwa amesimama mwisho, upande wa kushoto, karibu na njia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe umetoka vipi na mizinga hii? Mlete huyo mtoto hapa."

Nilimketisha mtoto kwenye udongo, nikatoa ndizi, nikaiweka kwenye mkono wa kulia. Mama akaangalia inavyohama. Akaichukua mwenyewe, akajaribu yeye, ikahama tena. Uso wake ukawa wa majivu.

"Ulimbeba mikono nje?"

"Nje, mama. Miwili."

"Titi la kwanza?"

"La kulia. Wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Na kulala?"

"Kulia. Mama, nisikilize. Nimefanya yote, na bado. Amekuja nayo mwenyewe, kama lumbu alivyokuja nayo. Si wewe. Hukuwa wewe tangu mwanzo."

Akarudia pole pole, "Si mimi."

"Si wewe, mama."

Nilidhani nimemtua mzigo. Nilisimama pale nikisubiri aone wepesi. Mama aliachia jembe, akakaa chini, akalia kilio ambacho hata siku ile ya kwanza hakukilia.

"Basi ni kwa nini?" aliniuliza. "Kama si mimi, niambie wewe. Wamemchukua mwanangu kwa nini?"

Muda wote ule alikuwa na jibu lake, jibu bovu la kumtafuna, lakini lilikuwa na mama na mwana ndani yake, na jioni alikuwa na kitu cha kukaa nacho. Nilipanda mlima chini ya mizinga nikaenda kumwondolea.

Mtoto akamaliza ndizi. Kisha mama akajipangusa uso kwa ncha ya kaniki yake, akafungua fundo la kiunoni, na kutoka humo akatoa utepe. Ulikuwa ule ule, umefifia umekuwa kijivu. Sikujua kama alikuwa anatembea nao. Akamvuta mjukuu wake mapajani, akaulaza mkono wa kushoto ubavuni, akaanza kuuzungushia.

"Mama," nilisema, "wewe ndiye uliyesema mkono ni mkono."

"Nilisema." Alikaza fundo. Fundo lilikuwa zuri. "Huyu hawatamkuta mwisho wa safu. Na wewe hutamfungua."

Mtoto alianza kulia. Alilia mpaka sauti ikakauka, halafu akakaa anauangalia mkono wake uliofungwa. Mama alimwangalia akiuangalia, machozi yanamdondoka kidevuni, na safari hii hakumfungua. Jua lilizama. Mimi pia sikumfungua.

Mdachi akaondoka, akaja mwingine, na kwenye njia ile hakuna tena aliyekuja kumkamata mtu. Mama alifariki akiamini kuwa amemwokoa mmoja. Mwanangu leo ni mama wa watu wazima. Anakula kwa kulia, anakata kwa kulia, analima kwa kulia, katikati ya safu, nyuma kidogo ya wenzake kwa sababu jembe halijawahi kumkubali vizuri. Huku kwake kuna nafasi ya jembe zima na kule kwake kuna nafasi ya jembe zima. Akiwa na la kusema anapaza sauti. Mara chache, akidhani hakuna anayemwona, mkono wa kushoto unapanda juu ya kitambaa cha kichwa kwenda kukuna sikio la upande wa pili, na mimi nageuza uso.

Bado nalima kidogo, na nikilima nasimama mwisho, upande wa kushoto. Kati yangu na ukingo wa njia naacha ukanda wa ardhi usioguswa, mwembamba, wa bega la mtu mmoja. Wajukuu wanadhani macho yangu yamekwisha.

"Bibi, sogea huko," wananiambia. "Umebakiza ardhi."

Sisogei.